Zote Ni Zangu

Asubuhi ile nilimwomba Mungu kitu kimoja tu, tableti ya Kaudha ichague nyumba yoyote kijijini kwetu isipokuwa ya mama mkwe wangu. Ikachagua ya mama mkwe wangu. Kaudha aliponionyesha kioo, jina la Godeberthe likiwa pale kwa herufi kubwa, nilijifanya sisomi vizuri. Akaniuliza kama naijua nyumba hiyo. Nikasema naijua, na tukaanza kushuka njia ya migombani.

Mimi ni Bienfait. Nimetoka Kongo, milima ya juu ya Uvira, naishi Uganda, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na mke wangu Gisèle, na msimu ule watu wa takwimu kutoka Mbarara walinichukua niwe mkalimani wao. Kaudha ni dada wa Nyamityobora, mtaa mmoja wa Mbarara, Kiswahili chake alikirithi kwa baba yake aliyekuwa askari, na wazee wetu wakimchanganyia Kifuliiru, lugha ya kwetu, anabaki ameduwaa. Kazi yangu ilikuwa kumtoa kwenye kuduwaa huko.

Siku mbili kabla, Kaudha alikuwa amewakusanya watu kanisani na kuwaeleza alichokuja kufanya. Alisema kila nchi inataka kujua imezalisha nini kwa mwaka mzima, na Uganda nayo inataka kujua. Maziwa, ndizi, chapati za barabarani, nywele zilizosukwa, nguo zilizoshonwa, vyote vinawekwa kwenye hesabu moja. Hawaandiki bei nzima ya gauni. Wanachukua bei ya gauni, wanatoa bei ya kitambaa na uzi, na kinachobaki ndicho mshonaji alichokiongeza kwa mikono yake. Mwenye mikono hiyo awe Mganda au Mkongomani, haiwahusu, maadamu ameshonea ndani ya mpaka. Hata mahindi unayolima na kuyala mwenyewe yanahesabiwa. Kuyapika hakuhesabiwi.

Hapo Godeberthe aliinua mkono. Ni mwanamke mkimya, sijui alipata wapi ujasiri siku ile. Akauliza, na kuchunga watoto je? Maana watoto wa washonaji wote wa mtaa wetu wanashinda kwake kutwa, mama zao wakikanyaga mashine. Kaudha akamjibu kwamba wakimlipa anahesabiwa, wasipomlipa hahesabiwi. Washonaji wakacheka, na Godeberthe akacheka pamoja nao, akaketi.

Kaudha alifikiri ameeleweka. Watu walikuwa wamesikia neno moja tu, kuhesabu. Mara ya mwisho watu wenye tableti walipopita wakiuliza mbuzi na simu, baadaye kuna familia zilizopunguziwa mgao wa chakula. Kama jambo moja lilizaa jingine, hakuna anayejua, lakini nenda ukawaambie watu wenye njaa kwamba hayahusiani. Basi jioni ya kuamkia siku ile ya tableti washonaji saba walibeba mashine zao za kukanyaga kwa miguu, wakazificha. Wakazificha wapi? Kwa Godeberthe. Yeye ni mjane, yuko kwenye kundi la wahitaji zaidi, mgao wake unakuja kamili. Walijiambia kwamba mtafuta mali hawezi kuitafuta kwa mtu asiye na kitu.

Ni kosa ambalo watu waliozoea kukaguliwa ndio wanaoweza kulifanya. Tableti haitafuti mwenye nacho. Inachota nyumba kama mtu anayechota karata akiwa amefumba macho. Gisèle aliponiambia asubuhi, nilifoka mpaka jirani akagonga ukuta, lakini haikusaidia kitu, mashine zilikuwa zimeshapangwa chumbani kwa mama yake.

Nieleze kwa nini niliogopa hivyo. Kwetu, mwanamume haingii chumba cha mama mkwe wake, hamtazami usoni, hasemi naye ana kwa ana. Kulala naye chini ya paa moja ni jambo ambalo hata kulitaja ni aibu. Godeberthe hana mtoto mwingine ila Gisèle, na nyumba yetu ni chumba kimoja na pazia. Mgao ule ndio uliomwezesha kukaa kwake. Ukikatwa, ingebidi aje kwetu, na alishamwambia binti yake mara nyingi kwamba kuliko hilo angerudi Kongo kwa miguu, vita au hakuna vita. Hakuwa akitania, na mimi nilimjua vya kutosha kuamini.

Tulimkuta ameketi kizingitini akichambua maharagwe, watoto wakicheza kumzunguka. Aliponiona akageuza uso kama inavyotakiwa. Mimi nikampa mgongo, nikasimama nikiitazama barabara. Kaudha akaniuliza tuna ugomvi gani. Nikamweleza. Alianza kucheka, akaona sicheki, akaacha.

Mahojiano yakawa hivi. Kaudha anauliza, mimi naiambia barabara kwa Kifuliiru, mama mkwe anaijibu barabara, nami namrudishia Kaudha. Amevuna nini? Mahindi na maharagwe. Ameuza kiasi gani? Beseni moja la mahindi. Mengine? Anakula. Ana kuku? Ana kuku mmoja asiyetaga. Majibu yalikuja taratibu, na nikaanza kupumua.

Ng'ambo ya barabara, kwenye ua wa Kampire, washonaji walikuwa wamesimama wakijifanya wanaanika nguo. Kampire ndiye fundi wao mkubwa, sare za shule za upande wetu karibu zote zimepita mikononi mwake. Kwa kuwa nilikuwa nimeipa nyumba mgongo, nyuso zao zote zilikuwa mbele yangu. Nguo moja waliianika mara tatu.

Kisha Kaudha akasema anataka kupima mahindi yaliyobaki, maana gunia la huyu si gunia la yule. Alikuwa na mizani ndogo ya kuning'iniza. Akauliza yako wapi. Godeberthe akajibu yako ndani, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Nikatafsiri, halafu nikaongeza la kwangu, kwamba ndani kuna giza, labda turudi kesho. Kaudha akasema ana tochi.

Nilisikia pazia likivutwa. Kugeuka siwezi. Nikamsikia Kaudha akimtaja Mwenyezi Mungu kwa sauti ya chini, kisha akaanza kuhesabu polepole mpaka saba.

"Maama," akasema kutoka ndani, "hii mashine yote ni ya nani?"

Nikalitafsiri swali lile kwa Kifuliiru, kwa sauti kubwa, neno moja moja, nikiwatazama wenye mashine machoni. Niliwapa nafasi. Ilitosha mmoja wao avuke barabara na kusema yangu ni ile pale. Kampire aliinamia beseni lake. Mmoja akageuka akaingia ndani. Waliobaki wakawa wanatazama nguo zao kama wameziona siku hiyo kwa mara ya kwanza. Nilitamani kuwarushia jiwe, nasema kweli.

Godeberthe alingoja. Alipoona hakuna anayekuja, aliacha Kifuliiru, akajibu kwa Kiswahili ili kila mtu asikie, mpaka mwenyekiti wa kijiji aliyekuwa kando na baiskeli yake.

"Zote ni zangu."

Kaudha akaandika.

Jioni washonaji walikuja na toroli kuchukua mali zao. Gisèle alikuwepo, ndiye aliyenisimulia. Mama yake alisimama mlangoni, mtu mfupi yule, akaujaza mlango mzima.

"Mulisikia nikisema ni zangu," akawaambia. "Na miye nilisikia munanyamaza. Basi zitabakia hapa mpaka siku ya mgao. Nikikatwa, nitauzisha zote nikule. Nisipokatwa, mutakuja kukamata."

Walilia, wakasema shule zinafunguliwa, sare za watu zinangoja. Akawaambia anayetaka kushona aje ashonee uani kwake. Basi wakaja. Toka kesho yake ua wa Godeberthe ukawa kiwanda, mashine saba zinanguruma chini ya turubai, watoto wanatambaa kati ya miguu, na yeye katikati anafuta kamasi, anakoroga uji, anamtenga huyu na mkasi. Hakuna aliyecheka sana siku hizo. Siku ya mgao ilikuwa inakaribia na kila mtu alikuwa anaiogopa kwa sababu zake.

Kabla haijafika, niliitwa Mbarara. Msimamizi wa Kaudha ni bwana mmoja anaitwa Edirisa, ofisi yake iko juu ya duka la magodoro. Kaudha alikuwa ameketi pembeni, macho mekundu. Edirisa alikuwa mpole, na upole wake ndio ulionitisha. Alinipa chai, akanieleza kwamba hawawezi kuuliza kila nyumba, kwa hiyo kila nyumba inayoulizwa inabeba nyingine nyingi ambazo hazikuulizwa. Ukisema uongo kwenye nyumba moja, uongo huo unazaliana kwenye hesabu kama panya. Akikubali nyumba ya mjane wa mashine saba, upande wetu wa Nakivale utakuwa na mashine nyingi kuliko mafundi wote wa mji wa Mbarara. Akiifuta, kijiji chetu hakishoni hata kifungo, kwa sababu nyumba nyingine zote zilisema hazifanyi kazi yoyote.

"Sasa ssebo, bwana wangu," akasema, "hawa watu wanakula hewa?"

Akasema jambo la pili, na hapo ndipo nilipoelewa macho ya Kaudha. Alishuku kwamba sisi wawili hatukufika kwenye nyumba ile kabisa, kwamba tulikaa mahali penye kivuli tukajaza majibu ya kubuni. Kazi ya Kaudha ilikuwa inaning'inia kwenye ulimi wangu.

"Ulionaga hiyo mashine kwa macho yako?" akaniuliza.

Nikisema ndiyo, naongopa, na tena nakiri kwamba nimechungulia chumba cha mama mkwe wangu. Nikieleza mashine ni za nani, nawafichua watu saba na watoto wao. Nikikaa kimya, dada wa watu anafukuzwa. Nilimuuliza kwanza hayo majibu yanasomwa na nani mwingine. Akasema jina linaondolewa kabla majibu hayajaondoka Mbarara, na akilitoa kwa mtu yeyote, hata kwa watu wa chakula, sheria inamfunga. Alisema hivyo akinitazama usoni. Sikumwamini. Nilikotoka, nimeshawaona watu waliokubali kuandikwa majina asubuhi na jioni hawapo.

Nikamjibu kwamba nilizisikia zikihesabiwa, sikuziona, na hiyo ilikuwa kweli tupu. Nikamweleza habari ya mgongo na barabara. Edirisa alimtazama Kaudha, Kaudha akatikisa kichwa kukubali. Yule bwana akavua miwani, akajifuta uso, akasema atakuja mwenyewe.

Alikuja siku moja kabla ya mgao. Hatukuwaonya watu, Kaudha alikataa. Tulipotokea njia ya migombani tulisikia mashine kabla ya kuziona, kisha moja ikanyamaza, na nyingine, mpaka zote zikanyamaza. Mimi nikachukua nafasi yangu, mgongo kwa nyumba. Safari hii sikuona uso wa mtu, niliona barabara tupu na mbwa wa mwenyekiti.

Edirisa aliwasalimia kwa heshima, akauliza mashine ni za nani. Niliiambia barabara. Mtoto akalia, akabembelezwa. Nilisikia kiti cha mtu kikilia kwa kukaliwa vibaya. Nikajisemea kwamba sasa Kampire atasema, hawezi kumwacha mama wa watu mara ya pili. Kampire hakusema. Nilijua Godeberthe anamtazama, kwa sababu Gisèle aliniambia baadaye kwamba hakuondoa macho kwake hata kidogo.

Edirisa akavuta pumzi. Akasema, basi, hilo la mwenye mali na liachwe, yeye hakutoka Mbarara kutafuta mwenye mali. Anataka kujua kilichoshonwa, nani amekishona, na kwa kitambaa cha bei gani. Kila mtu atajibu la mikono yake.

Ndimi zikafunguka. Ungedhani mvua imenyesha. Huyu sare, yule vitenge vya harusi, Kampire na suruali za walimu. Walijibu mpaka bei ya uzi, mpaka vipande vinavyotupwa. Kaudha alikimbiza vidole, Edirisa akatoa, akajumlisha, akaridhika. Alisema kesho Kaudha atapita tena kwenye zile nyumba zilizosema hazina kazi. Halafu akageukia mwenye nyumba, akauliza yeye anafanya kazi gani.

Niliiuliza barabara. Godeberthe akajibu kwamba anachunga watoto.

"Wanakulipa, maama?" akauliza Kaudha. "Hata chakula? Hata kuni? Sema tu, nitaandika."

Kaudha aliuliza kwa huruma, nilimsikia. Alitaka apewe chochote cha kuandika. Nikawasikia wale waliokuwa wakitaja bei za uzi sasa wakikunja vitambaa.

"Hapana," akasema Godeberthe.

Edirisa akasema pole. Akasema mashine zitaondolewa kwenye hesabu ya nyumba hii ziende kwa wanaozitumia, na hapa yatabaki mahindi, maharagwe na kuku. Kwenye sehemu ya kazi nyingine atatia sifuri. Nilitafsiri kila neno kwa sababu niliapa kutafsiri kila neno, lakini lile la mwisho nililianza mara mbili ndipo likatoka.

Siku ya mgao nilisimama mbali, chini kidogo ya foleni, mahali ambapo ningeweza kumwona bila kumtazama. Gisèle alikuwa amemshika mama yake mkono. Mbele yao mwanamke mmoja aliweka kidole kwenye kile kimashine cha kusoma alama za vidole, kikakataa, akaambiwa apishe pembeni, na foleni nzima ikaguna. Zamu ya Godeberthe ikafika. Alipangusa kidole gumba kwenye kitenge, akakiweka. Kimashine kikafikiri. Akaambiwa akiweke tena. Nilikuwa nimeshaanza kupanga moyoni wapi nitalala mimi, labda kanisani, labda kwa rafiki, ili yeye alale kwangu nisiwepo. Akakiweka mara ya pili.

Taa ikawa ya kijani. Akapimiwa mahindi yake, maharagwe yake, mafuta yake, kamili kama kawaida. Yule bwana wa Mbarara alikuwa amesema kweli, nami nilimwomba radhi kimoyomoyo. Gisèle alilia hadharani, na mimi nikajifanya nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Mchana ule washonaji walibeba mashine zao kwa vigelegele. Godeberthe aliwasaidia hata kuzipakia kwenye toroli. Nilikasirika sana. Nilimwambia Gisèle mama yake ni mwema kupita kiasi, watu wamemtoa kafara mara mbili na anawashikia toroli. Gisèle akaendelea kuosha vyombo.

Kesho yake asubuhi kijiji kilikuwa kimya. Hapakuwa na mngurumo hata mmoja. Kisha nikasikia sauti za wanawake zinapanda, nikatoka. Wote saba walikuwa mbele ya nyumba ya mama mkwe wangu na watoto wao viunoni. Nikasimama mahali pangu barabarani na kuwapa mgongo, lakini safari hii, Mungu anisamehe, niligeuza shingo kidogo.

Godeberthe alikuwa ameketi kizingitini, na shingoni alikuwa amevaa mikanda saba ya ngozi, ile inayotoka kwenye gurudumu la chini la mashine na kuzungusha lile la juu. Bila mkanda unaweza kukanyaga mpaka ukonde, sindano haitashuka.

"Ule dada wa hesabu aliniuliza kama munanilipaka," akasema, taratibu, bila kuinua sauti. "Nikasema hapana. Nilisikia haya mingi kusema hapana kuliko kusema zote ni zangu. Miye nilitia chakula yangu mu hatari juu ya mashine zenu. Siku moja mgao itakatika kweli, na miye sitalala kwa mukwe wangu. Basi kila asubui, mutoto na kopo moja ya bunga, munakamata mukaba. Mangaribi munarudisha mukaba, munakamata mutoto."

Mmoja akaanza kusema habari ya ujirani. Godeberthe akaendelea kuchambua maharagwe. Walisimama pale, jua likipanda, sare za shule zikiwangoja majumbani. Mwishowe Kampire alimweka mwanawe chini, akaenda kwake, akarudi na kopo limejaa unga mpaka linamwagika. Alimimina kwenye beseni. Godeberthe akavua mkanda mmoja shingoni, akampa. Wengine wakaanza kuondoka mmoja mmoja kufuata makopo.

Haukupita muda, mashine ya kwanza ikanguruma ng'ambo ya barabara. Ikafuata ya pili. Nilikuwa bado nimesimama, mgongo kwa nyumba, nacheka peke yangu kama mwendawazimu, niliposikia sauti yake nyuma yangu, kwa Kifuliiru.

"Ee barabara," akasema, "mwambie mkwe wangu ampigie simu yule dada. Arudi aniulize tena."